Kompyuta moja, watu sita: namna ya kutunza mafaili yako ya siri nyumbani

Laptopu ikiingia nyumbani kwetu vijijini, haikai muda mrefu ikiwa ya mtu mmoja. Hata kama ilinunuliwa kwa ajili ya binti anayesoma chuo, au mwalimu aliichukua kwa mkopo wa kukatwa kwenye mshahara, ikishawekwa mezani sebuleni ni ya nyumba nzima. Baba anaandaa mitihani ya muhula. Mama, ambaye ni mweka hazina wa kikundi, anaingiza hesabu za hisa na mikopo. Kijana anapakua miziki. Jioni watoto wa jirani wanakuja kuangalia katuni.

Kuchangia kitu siyo tatizo, ndivyo tulivyolelewa. Lakini ndani ya mashine hiyo moja kuna mambo ambayo hayakupaswa kuonwa na kila mtu: mtihani ambao wanafunzi bado hawajaufanya, picha ya kitambulisho cha taifa, nakala ya hati ya shamba, majibu ya hospitali, barua ya maombi ya kazi ambayo mwajiri wa sasa hajui. Daftari la kikundi nalo, mtu akigusa tarakimu moja tu kwa bahati mbaya, mama mzima atasimama mbele ya wanachama thelathini akiulizwa pesa iko wapi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari lenyewe liko kwenye kompyuta ambayo mtoto wa miaka saba anaichezea gemu.

Makala hii inaeleza namna ya kuyalinda mafaili hayo. Tutazungumzia zaidi kompyuta zenye Windows, kwa kuwa ndizo nyingi majumbani, na mwishoni tutagusa simu, maana kompyuta ya nyumbani na simu yako vinapeana siri kuliko unavyodhani.

Kwanza jiulize: unamzuia nani?

Watu wengi wanaanza kwa kuuliza "niweke programu gani?" Swali la kwanza lingekuwa: ninamzuia nani? Kwa kompyuta ya nyumbani wapo watu wa aina nne.

Wa kwanza ni mtoto. Hana nia mbaya, anabofya tu. Hasara yake ni kufuta au kuharibu.

Wa pili ni ndugu mdadisi. Anajua kutumia kompyuta kiasi, na akikuta faili limekaa wazi atalifungua.

Wa tatu ni fundi. Siku kompyuta ikikataa kuwaka unaipeleka mjini, inalala dukani kwake siku mbili au wiki, na wewe haupo.

Wa nne ni mwizi, pamoja na yule atakayeuziwa mali ya wizi.

Kinga inayomtosha mtoto haimzuii ndugu mdadisi, na inayomtosha ndugu haimzuii fundi. Ukijua unamzuia nani, utajua ukomee wapi.

Kuficha siyo kufunga

Wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa wanalijua lile sanduku la chuma lenye kufuli tatu, ambalo funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti. Kwa nini hamkuridhika na kulificha sanduku chini ya kitanda cha mwenyekiti? Kwa sababu anayelijua lilipo atalifungua, na asiyejua atalikuta siku akifagia.

Kwenye kompyuta wengi wetu bado tuko kwenye hatua ya chini ya kitanda. Mtu anachukua folda ya siri na kuiita "Kazi za zamani". Mwingine anaiweka ndani ya folda saba. Mwingine anabofya folda kwa kitufe cha kulia, anaingia "Properties" na kuweka alama kwenye neno "Hidden", folda inapotea machoni.

Njia zote hizo ni kuficha tu. Folda iliyofichwa hivyo inaonekana tena kwa kubofya mara moja kwenye sehemu ya kuonyesha vitu vilivyofichwa. Aidha, ukifungua Word au Excel, programu yenyewe inaorodhesha mafaili yaliyofunguliwa karibuni, kwa majina yake. Umeificha folda, lakini programu inamtajia kila mtu.

Kuficha kunamfaa mtoto peke yake. Kwa wengine inabidi kufunga.

Kila mtu na chumba chake

Kinga ya kwanza ya kweli haihitaji pesa wala intaneti. Ni kumpa kila mtu wa nyumba akaunti yake ndani ya kompyuta. Fikiria nyumba yenye sebule moja na vyumba kadhaa. Kila mtu ana chumba na ufunguo wake, na vitu vya wote vinakaa sebuleni.

Fungua "Settings", ile alama ya gurudumu lenye meno, kisha "Accounts". Humo tafuta sehemu ya watumiaji wengine, imeandikwa "Other users" au "Family & other users" kutegemea toleo la Windows. Bofya kuongeza mtu. Kompyuta itaomba anwani ya barua pepe. Kama hutaki kuitumia, chagua kwamba huna taarifa za mtu huyo, kisha chagua kuongeza mtumiaji bila akaunti ya Microsoft. Andika jina na nywila, yaani paswadi. Basi.

Hapo kuna mambo manne ya kuzingatia.

La kwanza, akaunti ziko za aina mbili. Iko ya msimamizi, inayoandikwa "Administrator", na ya kawaida, inayoandikwa "Standard". Msimamizi ana funguo za akiba za nyumba nzima: anaweza kufungua folda za wengine na hata kubadilisha nywila zao. Kama watu wote sita wa nyumba ni wasimamizi, ni sawa na kugawa funguo za akiba kwa kila mtu. Awe msimamizi mtu mmoja tu, na kwa usalama zaidi akaunti hiyo itumike wakati wa kuweka programu tu. Kazi za kila siku, hata huyo msimamizi azifanye kwenye akaunti ya kawaida.

La pili ni mahali unapohifadhi. Akaunti inalinda vitu vilivyo ndani ya chumba chako, kama vile "Documents", "Pictures", "Downloads" na vilivyo kwenye uso wa kompyuta ukiwa umeingia kwa jina lako. Wengi wamezoea kutupia kila kitu kwenye diski ya D. Kwa kawaida diski hiyo ni sebule: kila mwenye akaunti anaingia na kusoma. Hamishia mafaili ya siri kwenye "Documents" yako, na filamu na miziki ya wote ibaki D.

La tatu ni maswali ya dharura. Ukiweka nywila kwa akaunti isiyo ya Microsoft, Windows inakutaka ujibu maswali matatu yatakayotumika ukisahau, kama vile jina la mnyama wako wa kwanza au mji uliozaliwa. Maswali hayo yalitungwa kumzuia mgeni. Nyumbani kwako hakuna mgeni. Mdogo wako anajua ulizaliwa wapi na mbwa wenu aliitwaje. Jibu jambo la uongo ambalo utalikumbuka mwenyewe.

La nne, funga mlango ukitoka. Bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi L, kompyuta itafunga papo hapo bila kuzima kazi zako. Zoea kufanya hivyo kila unapoinuka kwenda kuangalia chungu jikoni. Akaunti yenye nywila nzuri iliyoachwa wazi haina faida yoyote.

Faili lenyewe liwe na kufuli

Kuna mafaili ambayo hata msimamizi wa kompyuta hapaswi kuyasoma. Hayo yafungwe moja moja.

Kama ni waraka wa Word au hesabu za Excel, fungua faili, nenda "File", kisha "Info", kisha sehemu iliyoandikwa "Protect", na uchague "Encrypt with Password". Kuanzia hapo halifunguki bila nywila, hata likihamishiwa kwenye kompyuta nyingine. Wanaotumia LibreOffice, ambayo ni ya bure, waweke alama penye "Save with password" wakati wa kuhifadhi.

Angalizo kwa waweka hazina: Excel ina kitu kingine kinachoitwa "Protect Sheet". Hicho kinazuia watu kubadilisha tarakimu, lakini hakizuii kuzisoma. Kinasaidia dhidi ya vidole vya mtoto. Kama hutaki jirani ajue nani anadaiwa na kikundi, tumia ile ya kwanza.

Kwa picha, hati zilizopigwa skani na folda nzima, iko programu ya bure inaitwa 7-Zip. Ukishaiweka, bofya folda kwa kitufe cha kulia, chagua 7-Zip, kisha kuongeza kwenye kifurushi. Chagua aina ya kifurushi iliyoandikwa 7z, weka nywila, na weka alama penye "Encrypt file names" ili hata majina ya mafaili yasionekane. Programu itatengeneza kifurushi kilichosimbwa. Kusimba maana yake ni kuyavuruga maandishi kwa hesabu ngumu, yakawa takataka kwa yeyote asiye na nywila.

Wengi hukosea hapa: kifurushi ni nakala. Folda ya mwanzo bado ipo palepale, iko wazi. Kwanza jaribu kufungua kifurushi kwa nywila yako uone kinafanya kazi, halafu ndiyo uifute folda ya mwanzo, na uondoe na kwenye pipa la taka la kompyuta.

Fundi na mwizi

Sasa tuseme ukweli kuhusu ile nywila ya kuingilia kwenye Windows. Inamzuia mtu aliyekaa mbele ya kompyuta akiiwasha kwa njia ya kawaida. Fundi anaweza kuiwasha kwa flashi yenye mfumo mwingine, kama Linux, au akatoa diski na kuichomeka kwenye mashine yake. Kama diski haijasimbwa, mafaili yako yote yatasomeka bila yeye kuulizwa nywila. Mafundi wengi ni watu waaminifu wanaotafuta riziki, lakini uaminifu wa mtu usiyemjua haupaswi kuwa kufuli yako pekee.

Kinga hapa ni kusimba diski nzima. Windows za daraja la "Pro" zina BitLocker kwa kazi hiyo. Baadhi ya kompyuta zenye daraja la "Home" zina kitu kinachofanana nacho, kinaitwa "Device encryption". Kiangalie kwenye "Settings", upande wa faragha na usalama, au wa masasisho na usalama kwa matoleo ya nyuma. Kisipoonekana, mashine yako haina. Katika hali hiyo tegemea kufuli za faili moja moja tulizozieleza juu.

Ukisimba diski unapewa ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Uandike kwenye karatasi na uutunze mbali na kompyuta. Siku mashine ikidai ufunguo huo na wewe huna, mafaili yamekwenda.

Kabla ya kumpelekea fundi, fanya hivi. Nakili mafaili muhimu kwenye flashi, flashi ibaki nyumbani. Mafaili ya siri ambayo hayajafungwa, yafunge au yaondoe. Kama tatizo ni kioo, chaji au kibodi, fundi hahitaji nywila yako, maana anaweza kupima hayo bila kuingia kwenye akaunti. Kama ni lazima aingie, kaa naye ikiwezekana, na ukirudi nyumbani badilisha nywila.

Na ukiuza kompyuta, kufuta mafaili hakutoshi. Faili lililofutwa linaweza kurudishwa kwa programu maalumu mpaka pale nafasi yake itakapoandikwa kitu kingine. Ndani ya "Settings" tafuta "Reset this PC", chagua kuondoa kila kitu, na kwenye mipangilio ya ziada chagua kusafisha data. Inachukua saa kadhaa, kwa hiyo fanya siku umeme umetulia.

Simu yako nayo inaongea

Msikilizaji anaweza kuwa amefunga kila faili kwenye kompyuta, halafu siri zikatoka kupitia simu.

Njia ya kwanza ni WhatsApp. Ukiiunganisha na kompyuta ya nyumbani ili kupakua faili moja, muunganiko unabaki. Kesho yake mtu mwingine akifungua kivinjari anakuta mazungumzo yako yote. Kwenye simu, fungua WhatsApp, nenda "Linked devices" uangalie orodha. Ukiona kompyuta usiyoitumia, iguse na uiondoe.

Njia ya pili ni akaunti ya Google. Ukiingia kwa Gmail yako kwenye kivinjari cha Chrome na kukubali kuoanisha, kompyuta inaweza kupata barua pepe zako, picha ulizopandisha kutoka kwenye simu, na nywila ulizohifadhi. Kama unatumia kompyuta ya wote kwa dakika chache, fungua Chrome kwa hali ya mgeni, imeandikwa "Guest", na ukimaliza funga dirisha. Kama umeshaingia mahali na hukumbuki, fungua mipangilio ya akaunti ya Google kwenye simu, upande wa usalama, utaona vifaa vyote vilivyoingia. Unaweza kuvitoa ukiwa shambani.

Njia ya tatu ni memori kadi. Picha zilizo kwenye memori kadi ya kawaida hazilindwi na PIN ya simu. Kadi ikichomolewa na kuwekwa kwenye kompyuta, kila kitu kinaonekana. Picha za siri ziwe kwenye simu yenyewe. Programu ya Files by Google ina sehemu iitwayo "Safe folder" inayofungwa kwa PIN. Kumbuka tu kwamba ukisahau PIN hiyo, vilivyomo havirudi.

Nywila usiyoweza kuisahau

Kufuli nzuri ina hatari yake: inamfungia nje mwenyewe pia. Microsoft haiwezi kukufungulia faili la Excel ulilosahau nywila yake, wala waliotengeneza 7-Zip.

Jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa havifai, nyumba nzima inavijua. Namba ya simu haifai. Chukua maneno manne au matano yasiyohusiana, mfano muhogo, daraja, kanzu, radi, kuku, uyaandike kwa mfululizo. Ni rahisi kukumbuka, ni vigumu kukisia. Bila shaka usitumie huu mfano wenyewe, maana umeshasomwa na wengi.

Kwa mafaili ya kikundi, nywila isiwe kichwani mwa mtu mmoja. Mweka hazina akiugua au akihama, hesabu za miaka zitabaki zimefungwa. Iandikeni kwenye karatasi, iwekwe kwenye bahasha iliyogundishwa na kusainiwa na viongozi, na bahasha ikae ndani ya lile sanduku la kufuli tatu. Bahasha ikikutwa imechanika, wote mtajua.

Tengeneza pia nakala kwenye flashi ya kazi hiyo tu, isiyoazimwa kwa ajili ya miziki. Faili lililofungwa vizuri kwenye diski iliyoungua bado ni faili lililopotea.

Siri na amani ya nyumba

Tumalizie kwa jambo ambalo hakuna programu inayolitatua. Siku utakapoweka nywila, mtu atauliza: "Unaficha nini?" Inaweza kuwa mume, mke, au mama mkwe.

Njia iliyo rahisi ni kulizungumza kabla. Ikae wazi kwamba kila mtu anapata chumba chake, pamoja na watoto wakubwa, na kwamba mafaili ya kikundi au ya shule ni dhamana ya watu wengine. Mwalimu akifunga mtihani hamfichi mkewe, anawalinda wanafunzi. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii akifunga orodha ya wagonjwa, anatunza siri ambayo hata mume au mke hana haki nayo. Kwa watoto wadogo, mzazi abaki msimamizi na ajue wanachofanya.

Haki ya faragha siyo mambo ya kigeni. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Ibara ya 16, inalinda maisha binafsi ya mtu na mawasiliano yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye kompyuta ya mtu bila ruhusa.

Lakini zipo nyumba ambazo kufuli mpya inaweza kuleta kipigo. Kama uko kwenye hali hiyo, usibadilishe chochote ghafla. Nyaraka zako za siri zisikae kabisa kwenye kompyuta ya nyumbani. Mpe mtu unayemwamini akutunzie nakala. Dawati la Jinsia na Watoto lipo kwenye vituo vya polisi, na kwa mtoto anayehitaji msaada namba ya kupiga ni 116, bila malipo.

Kwa wengine wote, usisubiri mwisho wa mwezi. Leo jioni fanya matatu: tengeneza akaunti yako yenye nywila, hamisha mafaili yako kutoka diski ya D kwenda kwenye "Documents", na uangalie "Linked devices" kwenye WhatsApp yako. Kazi hizo zinaweza kuisha kabla ugali haujaiva. Mengine yafuate wiki hii, ukianza na daftari la kikundi.